Kanzu ya Hamisi Kwenye Soko la Watumwa

Nyinyi wenzangu wa kwaya mmenipigia mpaka simu imepata joto. Mama Nadège anauliza kama ni kweli nilimpiga mwalimu. Sikumpiga. Mwingine kasikia Divine kafukuzwa shule. Hajafukuzwa. Na kuna mmoja, simtaji, amesema tulikwenda Houston kuabudu miungu ya Warumi. Huyo tutaonana Jumapili. Naandika mara moja, nyote msome, halafu mtu asiniulize tena.

Nianze na ukweli: nilikwenda Houston kugombana. Wengine huenda kule kuona ndugu, wengine wanakwenda hospitali. Mimi nilikwenda kugombana, na ugomvi wangu niliupanga tangu hapa Garland, neno kwa neno, kama nguo kwenye sanduku.

Divine mnamjua. Ana miaka kumi na tatu, urefu wa baba yake, hasira zangu. Mwaka huu alijiunga na klabu ya Kilatini pale shuleni. Mimi kwa akili yangu ya Kikatoliki nikajua Kilatini ni cha misa. Nilifurahi! Nilimwambia hata Padri, mwanangu anasomea mambo ya Kanisa. Padri akambariki. Kumbe ni Warumi wenyewe, wale waliomsulubisha Bwana, na vita vyao, na watumwa wao. Kila mwaka klabu hizo hukutana Houston, wanashindana, wanaigiza. Divine alikuwa ametunga mchezo wa mtu mmoja kuhusu watumwa wa zamani walioasi mabwana zao. Kautunga mwenyewe, anaufanyia mazoezi bafuni, jirani wa chini anagonga dari.

Hapo sikuwa na neno. Neno lilikuja mwalimu aliponieleza desturi ya mkutano huo. Wanafunzi wanaokwenda kwa mara ya kwanza huuzwa. Mmesikia vizuri. Wanavikwa kibao shingoni, wanapandishwa jukwaani, mkubwa mmoja ananadi, wengine wanapandisha dau kwa sarafu za plastiki, na aliyenunuliwa anambebea mnunuzi begi lake hadi jioni. Wanaita soko la watumwa. Mwalimu ni bwana mpole, ana tai yenye picha za bundi. Aliniambia akitabasamu:

"Ni mchezo tu, mama. Hata mimi niliuzwa nilipokuwa mdogo."

Nikamwambia, "Wewe uliuzwa kwa mchezo. Sisi hatukuchezewa."

Nikakataa. Basi la shule likaondoka Ijumaa na wenzake, Divine akabaki. Angelia ingekuwa nafuu. Hakulia. Alisimama kwenye sinki akaosha vyombo visivyo na uchafu, kisha akaniambia kwa Kiswahili. Nanyi mnajua watoto wetu, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, kwa hiyo akianza yeye mwenyewe Kiswahili ujue kuna jambo.

"Mama, hutaki niwe mtumwa. Ndiyo maana umenifungia ndani?"

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Nikampigia simu Hamisi: mtoto ataigiza, lakini kuuzwa hapana.

Garland: gari ya Hamisi inageuka lori

Hamisi ni yule Mtanzania wa Irving anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda Houston Jumamosi hiyo hiyo kwenye ndoa ya binamu yake, na gari yake ni ile van ya kijivu. Tukakubaliana tuondoke mapema, maana zamu ya Divine ni saa nane mchana, ukichelewa jina linafutwa. Alfajiri akafika, amening'iniza kanzu yake ya harusi dirishani kwa nyuma, nyeupe, imepigwa pasi, utafikiri ni abiria wa nne.

"Dada, hii isiguswe," alisema. "Imetoka Zanzibar. Nimeitunza kuliko leseni yangu."

Kosa langu lilikuwa moja tu, kuandika kwenye grupu kwamba nakwenda Houston. Nyinyi hamna dogo. Nilipofungua mlango wa nyumba nikakuta mifuko ile ya miraba, shangazi kaja, imepangwa hadi kwenye ngazi, yote ya rangi moja. Unga wa muhogo. Ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu. Maharage ya kwetu, eti ya Houston hayaivi. Viatu vya mtoto ambaye hata hajazaliwa. Na bado Mama Nadège anapiga simu, "Nisubiri dakika tano," akaja baada ya jua kutoka, amebeba sufuria.

"Sufuria ya nini?"

"Ya dada yangu. Niliiazima Krismasi."

"Krismasi ipi?"

Akacheka. Mavazi ya Divine nayo tulikuwa tumeyatia kwenye shangazi kaja: mashuka mawili meupe, joho nililolishona kutoka kwenye pazia la zambarau, taji la karatasi ngumu. Nalitaja mapema, maana baadaye mtaniuliza akili yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye ugomvi.

Barabara ya kusini: mtema moto

Kuna watu wakikaa kwenye gari wanalala. Mimi mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Nilifungua dirisha, nikafunga. Nikarudia hotuba yangu ya kumwambia mwalimu. Divine nyuma amejibanza kati ya mifuko, vitu masikioni, midomo inacheza, anakariri.

Hamisi hawezi kukaa kimya. "Anko wangu, hebu nieleze huo mchezo. Ni wa Spartako?"

Divine akatoa vitu masikioni. "Kila mtu anachukua Spartako. Mimi nimemchukua Euno."

Basi akatuhadithia, Kiswahili kikimwishia anaingia Kiingereza, kisha anarudi. Kwamba zamani sana Warumi walichukua kisiwa cha Sisilia wakakijaza watumwa wa kulima ngano na kuchunga. Waliwachoma alama mwilini kwa chuma cha moto kama ng'ombe. Euno alitoka Syria. Alikuwa anasema miungu inamwambia mambo, na alikuwa na ujanja wake: anaficha kaa la moto kwenye ganda la jozi lenye matundu, analitia mdomoni, akisema anatoa cheche. Bwana wake akimwita kwenye karamu awachekeshe wageni. Yeye anawaambia, "Mimi nitakuwa mfalme." Wanakufa kwa kicheko. Wengine wanamrushia minofu kutoka mezani, "Haya, ukiwa mfalme utukumbuke!"

"Ikawaje?" Hamisi akauliza.

"Akawa mfalme. Watumwa wakauteka mji wa Enna usiku mmoja. Na wale waliompa nyama akawakumbuka. Hakuwaua."

Kisha akatueleza kilichowasha moto wenyewe. Kulikuwa na tajiri pale Enna, Damofilo, mtu wa majivuno, mkewe mkatili kama yeye. Watumwa wake walikuwa karibu uchi. Wakaenda kumwomba nguo. Akawauliza, kwani wasafiri hupita barabarani uchi? Maana yake, nendeni mkawaibie wapita njia. Halafu akawafunga nguzoni, akawachapa.

Hamisi akatikisa kichwa. "Huyo bwana angefaa kuwa supavaiza wetu."

Mimi sikucheka. Nikauliza, "Mwisho wa Euno ni nini?"

Divine akasita. "Walishindwa. Baada ya miaka michache Warumi waliwaua maelfu. Yeye alifia gerezani. Kwa chawa."

"Chawa! Na wewe katika watu wote waliozaliwa duniani unataka kuwa mtu aliyeliwa na chawa? Mimi nimekimbia vita nawe mgongoni, nikakulea kambini Kigoma, nikakuleta hapa, ili ukauzwe na watoto wa matajiri wa Plano?"

"Mama, sio kuuzwa, ni..."

"Kibao shingoni ni nini? Rozari?"

Hamisi akajaribu kuchekesha, "Dada, punguza moto, gari ina mafuta." Hapo nikamgeukia yeye, sijui kwa nini, alikuwa karibu.

"Wewe nyamaza. Nyinyi watu wa pwani ndio mlikuwa mnanunua watu wa kwetu."

Alipunguza mwendo. Kisha akasema taratibu, "Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema, asili yake Kongo. Unadhani Wamanyema walifikaje Bagamoyo? Walikwenda kuoga baharini?"

Nikatazama nje. Ng'ombe, uzio, ng'ombe.

"Samahani, kaka."

"Tumeshazoea kuhesabiwa upande usio wetu," alisema. "Lete hiyo chapati."

Tukapita Corsicana, tukakwama

Tulisimama kituo cha mafuta, kile chenye pampu nyingi kuliko waumini wa parokia yetu. Pale wanauza mikate laini yenye vitu ndani. Hamisi akamuuliza mama wa kaunta kwa adabu zote, "Hii ina nguruwe?"

"Hapana bwana," yule mama akasema kwa upole, "ni soseji."

Hamisi akaniangalia, nikamwangalia. Akachukua wa matunda.

Mbele kidogo magari yakasimama. Lori lilikuwa limemwaga mabomba barabarani, njia zote mbili. Watu wakazima injini, wakashuka, kama wamekuja hija. Mimi nikashuka nikatembea kando ya barabara, nikarudi, nikatembea tena. Saa inakwenda. Nusu yangu ikisema, ashukuriwe Mungu, tutachelewa, mtoto hatapanda jukwaani, nami sitakuwa nimemkataza. Nusu nyingine ikitaka kuyasukuma mabomba yale kwa mikono. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, siwafichi.

Mzee wa kizungu mwenye trela la farasi akatukuta tumesimama juani. Akatuletea tikiti maji, kalikata kwa kisu cha mfukoni, akampa Divine kipande cha kwanza. Akamuuliza anakwenda wapi. Divine akasema, "Kwenye uasi wa watumwa."

Mzee akafikiri. "Houston?"

"Ndiyo."

"Basi mnabaki kwenye njia hii hii," akasema, akaenda kuwanywesha farasi wake.

Hamisi alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi mdomo ulinicheza pembeni kidogo. Divine akawa analamba maji ya tikiti kwenye kiwiko, kisha akaniambia bila kunitazama:

"Damofilo alikuwa na binti. Sikumalizia."

"Malizia."

"Yule binti alikuwa akiwapelekea chakula waliofungwa, akiwaosha waliochapwa. Siku ya uasi, baba akauawa. Mama naye. Yeye hakuguswa. Walichagua wanaume wanaoaminika wakamsindikiza njia nzima hadi Catana, kwa ndugu zake. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda, Mama. Sio chawa."

Magari yakaanza kusogea.

Houston kusini-magharibi: hakuna kuondoka bila kula

Mnajua Mama Kabura, mpokea mizigo yetu wa Houston. Nilimwambia kwenye simu, tunashusha mzigo tunaondoka, hatuzimi gari. Akasema ndiyo ndiyo. Tulipofika meza ilikuwa imeshatandikwa. Ugali, isombe ya majani ya muhogo, kuku na maharage, vyote vimeungwa kwa mawese.

"Dada, tumechelewa, saa nane mtoto—"

"Mtoto ataigiza na njaa? Mtasema huko Garland nimewanyima?"

Kuna watu huwezi kuwashinda. Tulikula tumesimama, Divine kashika kuku mkono mmoja, simu ya kuangalia saa mkono wa pili. Hamisi akawa anashusha mifuko mbio, mimi nasoma majina, hii ya dada wa sufuria, hii ya mama wa viatu, hii ya nani, weka, weka, twende. Mama Kabura akawa anatuita dirishani, tumesahau kunywa chai. Tukaondoka matairi yakilia.

Kwenye maegesho ya shule ile kubwa unapofanyika mkutano, ikiwa imebaki nafasi ya kupumua tu, nikafungua zipu ya shangazi kaja ya mavazi. Ndagala. Mfuko mzima wa ndagala, macho yote yananitazama mimi.

"Mana yanje! Mungu wangu!"

Mashuka, joho, taji, vyote vilikuwa kwa Mama Kabura. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nilijiegemeza kwenye gari. Hasira zangu zote zile, na sasa ni mimi mwenyewe niliyemharibia mtoto, kwa mikono yangu, kwa haraka zangu. Nikangoja alie.

Divine akacheka. Akainama, akashika magoti, anacheka. Akanyoosha mkono dirishani, kwenye ile kanzu.

"Kwani wasafiri hupita barabarani uchi?"

"Weee!" Hamisi akaruka. "Hapana! Anko hapana! Ndoa ni saa kumi!"

"Anko, wewe ni msafiri. Mimi ni mtumwa niliyenyimwa nguo. Sina njia nyingine, historia ndivyo ilivyo."

"Dada, mwambie mwanao!"

Nikamtazama Hamisi. Nikasema, "Fikiria bibi yako."

Akasonya. Akaitungua kanzu kama mtu anayetoa figo. Ilimfika Divine vidoleni, mikono imemwagika. Akauliza, na moto? Ganda lake la jozi lenye kitaa ndani nalo lilikuwa kwa Mama Kabura. Hamisi akatoa funguo za gari, zina kitochi kidogo. Divine akakitia mdomoni, akakiwasha. Mashavu yakawaka mekundu kwa ndani, hadi mishipa ikaonekana.

"Kameza funguo zangu," Hamisi akasema. "Yote leo. Yote."

Ukumbini

Koridoni kulikuwa na msichana wa shule yetu, mkubwa kidogo, nywele nyekundu, amejifunga shuka la Kirumi, ana nyundo ya mbao ya kunadia. Abi. Nilikuwa nimemsikia, ndiye mnadi wa soko mwaka huu. Alimkimbilia Divine akamkumbatia. Nikawatenganisha.

"Wewe ndiye unayemuuza mwanangu?" nilimwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu huja polepole nikiwa na hasira. "Mama yako anajua? Ulilelewa na nani wewe?"

Yule binti akamtazama Hamisi. Hamisi akatafsiri kwa Kiingereza laini, "Mama anasema ahsante kwa mapokezi."

"Kaka Hamisi! Nimekaa Teksasi miaka minane. Hicho Kiingereza nakisikia."

Abi akawa mwekundu kuliko nywele zake. Divine akanivuta pembeni. "Mama, basi. Tafadhali." Wakaingia wote wawili, mlango ukafungwa. Nilipofanikiwa kuingia, nikiburuza mfuko wa ndagala ambao sijui kwa nini sikuuacha kwenye gari, soko lilikuwa limeanza.

Watoto wamejipanga jukwaani, kila mmoja na kibao. Katika mstari, mwishoni kabisa, mwanangu. Kanzu ya Hamisi. Kibao shingoni.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nilikuwa katikati ya njia, hotuba yangu yote iko kooni, watu wanageuka. Hamisi amenishika mkono, "Dada subiri, subiri." Na Divine akaniona. Akainua kiganja, hivi, akakishusha taratibu. Ndivyo ninavyomfanyia mimi kanisani tangu akiwa mdogo. Kaa.

Nikakaa. Mpaka leo nayashangaa magoti yangu.

Abi akanadi, sauti inatetemeka. "Huyu ni Msyria, ana nguvu, anajua kusoma..."

"Na najua mchezo mmoja," Divine akasema.

Akageuka, akarudi na mdomo umefumba, mashavu yakiwaka. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akatoa kitochi, akasema kwa utulivu, "Mimi nitakuwa mfalme." Wakazidi kucheka. Mmoja wa wanunuzi akamrushia peremende. Mwingine akarusha. Divine akainama, akaziokota moja moja, anamtazama aliyerusha usoni.

"Ahsante. Nitakukumbuka. Na wewe. Wewe nitakukumbuka."

Kicheko kikaanza kupungua, kama mvua inayoisha juu ya bati, hapa kimekoma, pale bado kinadondoka. Ndipo akaanza mchezo wake. Sikuwa nimewahi kuusikia wote, nilisikia tu mlio wa bafuni. Alisimulia alama za chuma. Alisimulia watu waliolala wamefungwa shambani. Alisimulia jinsi walivyokwenda kuomba nguo, na akashika kanzu ya Hamisi kifuani aliposema hivyo, na nikasikia Hamisi kando yangu anavuta pumzi. Hakupiga kelele hata mara moja. Mimi ningepiga.

Alipofika usiku wa Enna akavua kibao chake, akakilaza sakafuni. Akamgeukia aliyefuata, mtoto mnene wa Plano, miwani imemteleza. Hakumgusa. Alimngoja tu. Yule mtoto akavua chake. Wa tatu akavua. Vibao vikawa vinagonga mbao, kimoja baada ya kingine, na wote wakakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia. Msichana mmoja tu alikataa, alibaki amesimama na kibao chake, hataki kuharibu. Divine alimwacha.

Hapo ukumbi ukapasuka vipande viwili. Huku wanapiga makofi, huku wanazomea, wanunuzi wanadai sarafu zao za plastiki. Kijana mmoja mkubwa akamrushia mnadi kikombe cha barafu, kikampata begani. Vikafuata vingine. Abi amesimama na nyundo yake, analia, hajui ashuke wapi.

Divine akainuka. "Huyu asiguswe."

Akamshika mkono wa kulia. Mtoto wa Plano akamshika wa kushoto. Wakamshusha ngazi, wakampitisha katikati ya watu wote wale, wakaja naye moja kwa moja hadi nilipokaa.

"Mama," Divine akasema, "mpe maji."

Nilikuwa na chupa mkononi. Nikampa. Nikampa na kitambaa changu cha kichwa ajifute. Akanywa, kwikwi zinamkata, akaniambia ndiye aliyelisogeza jina la Divine hadi mwisho ili awahi, kwamba tangu Ijumaa alikuwa akiwaomba waandaaji. Na kwamba Divine mwenyewe ndiye aliyemwomba, mlango ulipofungwa, ampandishe sokoni. "Alisema ana mpango. Hakuniambia mpango gani."

Nikamtazama mwanangu. Anaangalia viatu vyake.

Medali hakupata, kabla hamjauliza. Majaji walisema ameigiza nje ya zamu yake, hawawezi kumpa alama. Mwalimu wa bundi akaja, tai imekwenda upande. Nikasema moyoni, sasa. Lakini akaanza yeye.

"Mama Divine, amevunja utaratibu wa mkutano."

"Ndiyo."

"Sijui nifanye nini."

"Mimi pia sijui." Nikamuuliza, "Mwalimu, wale wa Sisilia waliposhindwa, walifanywa nini?"

Akavua miwani. "Waliteswa. Wengine walitupwa kutoka majabalini."

"Unalijua hilo. Unalifundisha. Halafu unawavika watoto vibao wachekane."

Alikwenda jukwaani, akainama, akaanza kuokota vile vibao mwenyewe, hakumwita mtoto yeyote amsaidie. Hotuba yangu ilikuwa ndefu, wenzangu. Ilikuwa na sehemu nne. Iliishia hapo.

Kurudi

Hamisi alifika ndoani kanzu ina doa la mawese kifuani, la kuku wa Mama Kabura, na upindo mweusi. Bwana harusi akamuuliza kulikoni. Akasema, "Nimeibiwa njiani na watumwa." Wakamwona amechanganyikiwa, wakamwekea pilau nyingi.

Sisi tulirudi kulala kwa Mama Kabura. Alikuwa ametutandikia vizuri, anashukuru kwa mashuka mapya, "Garland mna moyo." Joho la zambarau tayari lilikuwa dirishani, kalipandisha kwa pini. Sikuwa na uso wa kumwambia. Tukayalalia mavazi ya Warumi, mama na mtoto, kitanda kimoja, na zile ndagala zikarudi kwa mwenyewe.

Jumapili baada ya misa tukapakia tena, maana Houston nao wana desturi hiyo hiyo. Mizigo yenu iko sebuleni kwangu, yote shangazi kaja, yote rangi moja. Njooni mfungue hapa hapa mbele yangu. Hakuna kubeba bila kufungua.

Njiani sikukanyaga breki ya uongo. Divine alikaa mbele, Hamisi akamwachia kuchagua redio. Karibu na pale lilipomwagika lori nikafungua kifurushi cha Mama Kabura. Kulikuwa na mapaja mawili ya kuku. Nikamnyooshea moja.

"Haya," nikamwambia, "ukiwa mfalme, utukumbuke."

Alilichukua. Akalitafuna polepole, anaangalia barabara.

"Tutaona, Mama."

Nikampa na la pili.